Saini Chini, Maelezo Baadaye

Ofisini, 6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai mguu umeacha kukusumbua na bado unagombana na redio kila asubuhi. Mimi mzima, kazi tele. Nimehamishiwa kitengo kipya, na safari hii nina meza yangu mwenyewe na dirisha, ingawa dirisha lenyewe linatazama ukuta.

Kitengo chetu kinaitwa Ualimu kwa Wote. Kazi yake ni kuwaingiza katika vyuo vya ualimu vijana ambao kwa kawaida hawafiki huko: watoto wa wafugaji, wa waponda kokoto, wa wahamiaji, wenye ulemavu, wale wanaozungumza lugha ambazo hakuna mwalimu anayezijua. Shangazi, nilipoisoma hati ya mpango huu nilikukumbuka wewe. Si wewe uliyekuwa ukisema kila siku kwamba walimu wote wanatoka nyumba zilezile, ndiyo maana mtoto wa machimboni akiingia darasani anaonekana mgeni? Sasa wakubwa wamesikia.

Nafasi ni moja kwa kila kundi katika kila wilaya. Kwenu nahitaji kijana wa familia ya machimboni, na hakuna anayewajua watu wale kama wewe uliyewafundisha. Nitafutie mmoja. Awe na cheti cha sekondari chenye alama nzuri, na awe na moyo.

Msalimie kitindamimba wako. Bado yupo nyumbani?

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani, 15 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mguu ni uleule na redio ni ileile, vyote viwili vinapiga kelele bila kusema la maana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikafika kwenye ile karatasi ya rangi uliyoiambatanisha, nikaona kinyaa. "Makundi yasiyofikika." Yasiyofikika na nani? Machimbo yapo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ofisi ya elimu. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha watoto wanaokuja shule na vumbi jeupe kwenye kope, na sikuwahi kumwona bwana elimu hata mmoja akivuka ile barabara, maana angechafua viatu. Halafu chini mmechapa picha ya watoto wanacheka. Wanacheka nini, kwani wameambiwa nini? Hamna aibu.

Lakini kijana ninaye. Ni binti wa miaka ishirini na mmoja. Anaponda kokoto na mama yake tangu amalize sekondari, na cheti chake amekifunga kwenye mfuko wa plastiki akakitundika juu ya kitanda. Kule machimboni wanamwita Kalamu. Saa sita mchana, wengine wanapojinyoosha chini ya maturubai, yeye huwakusanya watoto wa waponda kokoto wenzake na kuwafundisha hesabu kwa mawe yenyewe: kokoto ndogo ni moja, ya wastani ni kumi, jiwe zima ni mia. Nimekwenda kumwona kwa macho yangu. Kulikuwa na kitoto cha miaka sita kinatoa kumi na nane katika thelathini na tatu bila kukuna kichwa. Nilijichukia pale niliposimama, kwa sababu mimi na chaki zangu nilihitaji muhula mzima kwa jambo lile.

Mama yake hataki. Kule kila sehemu ya kupondea hushikwa na watu wawili, nyundo mbili. Akiondoka mmoja, sehemu inapewa wawili wengine siku ileile, na yao wao ipo chini ya mwamba, ina kivuli kutwa. Nimemwambia asihofu, nitasimama nao. Ameniuliza, "Utasimama wapi, Mwalimu?" Sikupenda alivyouliza.

Kuhusu Kitinda, ndiyo, yupo. Ana miaka ishirini na sita na kochi limeshapata umbo lake. Ukipata hata tundu huko mpenyeze, maana nimechoka kuosha vikombe vyake.

Shangazi yako


Ofisini, 24 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kulikoni. Hujabadilika.

Kalamu ndiye hasa tunayemtafuta. Nakutumia fomu yake ya maombi aijaze mwenyewe. Nimeweka pia fomu mbili za udhamini, ili moja ikiharibika tuwe na akiba. Wewe kama mwalimu mstaafu ndiye utakayethibitisha kwamba anatoka familia ya machimboni. Tafadhali tia saini chini tu, kwenye zote mbili. Maelezo usiandike, nitayachapa hapa baadaye. Mashine yetu haisomi mwandiko wa mkono, na faili likirudishwa tunapoteza wiki mbili.

Jambo jingine: atakuja mpiga picha wetu. Wakubwa wanataka picha za vijana wakiwa katika mazingira yao.

Juu ya Kitinda, nimekusikia.

Chiriku wako


Nyumbani, 9 Machi

Mwanangu,

Fomu hizo hapo, zote tatu. Ya Kalamu ameijaza kwa mwandiko wa kuwaaibisha makarani wenu. Zangu nimetia saini kama ulivyosema.

Mpiga picha wenu amekuja. Kalamu alikuwa amejiandaa. Ameoga, amesuka, amevaa gauni la kijani la kuazima kwa dada yake. Yule bwana akamtazama juu mpaka chini akasema, "Hapana, hii haifai. Anaonekana kama mtu yeyote tu." Kama mtu yeyote! Akamwambia avue viatu. Kisha akachota vumbi la mawe kwa mkono wake akampaka binti wa watu usoni, akampaka na mikononi mpaka kwenye viwiko. Kalamu alisimama tu, amefumba macho lisiingie. Akapewa nyundo mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, akaambiwa acheke. Nilimuuliza yule bwana kama amewahi kumwona mtu akiponda kokoto huku anasoma. Akanijibu, "Mama, hiyo ni dhana tu."

Nilitaka kumpaka hiyo dhana yake usoni naye aone ladha yake. Nimenyamaza kwa ajili ya nafasi ya binti, na ule unyamavu wangu ndio unaonichefua mpaka sasa. Mama yake alitazama yote mwanzo mpaka mwisho.

Shangazi yako


Nyumbani, 2 Aprili

Chiriku mwanangu,

Leo nakuandikia nikiwa na furaha, kwa hiyo itunze barua hii, huenda usipate nyingine. Kitinda amepokelewa chuo cha ualimu! Barua imefika juzi ikiwa na nembo na muhuri. Anasema aliomba kimyakimya ili akikosa nisipate la kusema. Nilikaa chini nikalia. Mwanangu, ambaye sijawahi kumwona akimaliza hata gazeti, atashika chaki! Sikumuuliza maswali mengi, niliogopa furaha isije ikanitoka mkononi. Ameondoka leo asubuhi na sanduku langu la zamani.

Na Kalamu naye ameitwa kwenye usaili huko kwenu tarehe kumi na mbili. Naona mwaka huu Mungu ameamua kunipa vyote kwa mkupuo. Binti ameshaaga machimboni. Sehemu ya chini ya mwamba wamepewa ndugu wawili, na mama yake sasa anaponda kule juu, juani, peke yake. Nimemwambia avumilie, ni kwa muda mfupi.

Mpokee vizuri.

Shangazi yako


Mjini, 13 Aprili

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimefika salama, na jana nimesailiwa. Nakuandikia leo kabla sijasahau lolote.

Ukumbi ni mkubwa, una maua ya plastiki na mapazia mapya. Mbele yangu walikaa wasaili saba, na nyuma yangu wageni wengi waliokuja kusikiliza. Waliniuliza kwa nini nataka kuwa mwalimu. Nilisema watoto wa machimboni wanazijua hesabu kabla hawajafika shule, na wakifika wanaambiwa hawajui. Wakapiga makofi, nami moyo ukatulia. Kisha bwana wa kamera akasema taa yake ilizimika, niseme tena. Nikasema tena, wakapiga makofi tena. Mara ya tatu kulikuwa na mgeni aliyechelewa, wakaniomba nirudie kwa ajili yake. Safari hiyo wasaili walianza makofi kabla sijamaliza.

Waliniambia nifundishe somo. Nilipotaka kuandika ubaoni nikaambiwa ubao ule ni wa picha tu, haushiki chaki. Nikafundisha kwa kokoto nilizokuja nazo mfukoni. Msaili mmoja alikuwa amesinzia, lakini wengine walikuwa makini.

Nimeona jambo moja. Mezani kwao hapakuwa na karatasi yenye jina langu, wala mtu hakuandika alama. Nadhani hawa ni wazoefu, wanahifadhi kichwani.

Dada Chiriku amenipokea vizuri, amenipa chai na mkate na kunitengeneza kola ya gauni kabla sijaingia. Nilipomuuliza majibu yatatoka lini alisema, "Utaitwa." Alisema hivyo bila kunitazama. Alikuwa amechoka sana, maskini.

Mwanafunzi wako,
Kalamu


Nyumbani, 20 Mei

Chiriku,

Wiki tano zimepita. Hakuna barua, hakuna simu, hakuna hata uongo wa kutuliza moyo.

Kilichokuja ni bango. Lipo kwenye zahanati, lipo posta, lipo kwenye ukuta wa shule niliyoistaafia. Kalamu na vumbi lake usoni, nyundo na kitabu, na maneno makubwa: NILIKUWA MACHIMBONI. SASA MIMI NI MWALIMU. Nililiona nikiwa kwenye foleni ya dawa ya mguu, na nilitoka kwenye foleni bila dawa.

Unajua kilichofuata? Watu wameamini. Wanampelekea watoto mlangoni. Mama mmoja amemleta binti yake asiyesikia vizuri, akamwambia Kalamu, "Wewe umetoka kwetu, wewe hutamwita mjinga." Kalamu alimshika yule mtoto mkono, kisha akaingia ndani akajifungia. Machimboni hawezi kurudi, sehemu hana. Akienda kumsaidia mama yake kule juani, wenzake wanamuuliza, "Mwalimu, mbona huendi kazini?" Macho ya mama yake yamekuwa mekundu kwa jua na vumbi. Jana alinipita njiani akatema mate. Alitema pembeni, kwa adabu, lakini alitema, na nilijua mate yale yalikuwa ya nani.

Kitinda ananiandikia kwamba bango lipo hata getini kwao, na kwamba chuoni maharage hayaivi. Huo ndio uzito wa dunia kwake.

Niambie ni lini.

Shangazi yako


Ofisini, 29 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nimeipokea barua yako na natambua wasiwasi wako. Mchakato wa uteuzi unahusisha ngazi mbalimbali, na mwombaji atajulishwa kadiri taarifa zitakavyopatikana. Bango lililenga kuhamasisha jamii kwa ujumla na halipaswi kuchukuliwa kama uthibitisho wa nafasi. Tunathamini sana mchango wako katika kuwafikia vijana wa makundi yote.

Kila la heri,
Mratibu Msaidizi
Kitengo cha Ualimu kwa Wote


Nyumbani, 5 Juni

Nimekulea mimi. Nimekufuta makamasi, nimekuogesha, nimekufundisha kushika penseli. Usiniandikie kama ofisi. Ile barua yako nimeishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya aliyekufa kwenye mtungi.

Umeniambia nafasi ni moja kwa kila kundi katika kila wilaya. Basi yetu anayo nani? Nataka jina.

Shangazi yako, kama bado unalikumbuka neno hilo


Mjini, 14 Juni

Shangazi,

Sijui nianze na salamu gani.

Ule haukuwa usaili. Uteuzi ulifanywa kwa mafaili, na orodha ilifungwa tarehe ishirini na nane Machi. Wageni wanaofadhili mpango walikuwa wanakuja Aprili, walitaka kuona vijana wanavyosailiwa, na hapakuwa na usaili wa kuwaonyesha. Tukautengeneza. Kati ya wale saba waliokaa mezani, wanne ni madereva na makarani wetu, tuliwaazima makoti. Tuliwaita vijana sita ambao picha zao zilitoka vizuri. Wote sita mpaka leo wanangoja barua.

Nafasi ya wilaya yenu, kundi la machimboni, anayo Kitinda.

Hakuomba mwenyewe. Nilimjazia mimi, kisha nikamwambia asikwambie. Zile fomu mbili ulizotia saini, moja nimeitumia kwa Kalamu na ya pili kwake. Niliandika kwamba ametoka familia ya waponda kokoto na kwamba mdhamini anawajua wazazi wake tangu zamani. Saini yako ipo chini. Hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Kalamu alikuwa na alama za juu kuliko waombaji wote wa kundi lake. Nilipoyaona mafaili yote mawili mbele yangu nilikumbuka ulivyosema nikipata tundu nimpenyeze. Utaniambia ulikuwa unatania. Shangazi, mimi nimekua katika nyumba yako. Ninajua unavyotania unapotaka jambo ambalo hutaki kuonekana unaliomba. Ulinichukua baba alipokufa, hukuwahi kunitofautisha na watoto wako, na mimi sijawahi kukupa kitu zaidi ya kanga na maneno. Niliona hapa ndipo pa kukushukuru. Uliponiandikia kwamba ulikaa chini ukalia, nilifurahi. Hilo ndilo chafu kuliko yote. Nilifurahi kwelikweli, na siku kumi baadaye nikamtengeneza Kalamu kola.

Ukisema, nitamwaga unga. Sikuombi unyamaze. Naomba tu ufikiri kabla ya kuandika, kwa sababu saini ile ni yako na mtoto yule ni wako.

Chiriku


Nyumbani, 17 Juni

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu

YAH: SAINI YANGU

Bwana Mkuu,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Chuoni kwako una mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepokelewa katika nafasi ya vijana wa machimboni, na fomu yake ya udhamini ina saini yangu. Kijana huyo ni mwanangu wa kumzaa. Mimi ndiye mama yake, na maishani mwangu sijawahi kushika nyundo ila ya kupigilia msumari ukutani.

Nilitia saini karatasi tupu, mbili. Sikulazimishwa. Niliombwa na mtoto niliyemlea, nikaona uvivu kuuliza. Kwa miaka thelathini na mmoja nimewapa sifuri wanafunzi waliojibu swali bila kulisoma, na wengine niliwasimamisha mbele ya darasa. Nimeanza kuwakumbuka mmoja mmoja.

Naomba mwanangu aondolewe, na nafasi apewe binti ambaye picha yake mmeibandika kwenye geti lenu. Alama zake mnazo. Waulizeni pia Kitengo cha Ualimu kwa Wote kuhusu vijana wengine watano waliosailiwa na madereva.

Naandika haya nikiwa na kinyaa, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni juu yangu mwenyewe.

Mwalimu mstaafu


Chuoni, 30 Juni

Mama,

Nimeitwa ofisini, nimesomewa barua yako, nimepewa mpaka jioni niwe nimeondoka.

Nilijua Chiriku amenisaidia. Amenisaidiaje, sikuuliza. Kwa hilo mimi ni mwanao kabisa.

Ninachotaka ujue ni hiki. Nilikuwa nimeanza kuipenda kazi. Wiki iliyopita tulipelekwa kwenye shule ya jirani kujaribu kufundisha, nikapewa darasa la pili. Mtoto mmoja alinishika kidole akaniuliza kama nitarudi kesho. Nikamwambia ndiyo. Najua ulichokifanya ni haki, usije ukaniandikia kunieleza. Lakini usinitafute kwanza, sirudi nyumbani. Nipo kwa rafiki yangu fundi seremala, ninapiga msasa.

Kitinda


Chuoni, 3 Julai

Kwa Mwalimu Mstaafu,

Barua yako ya tarehe 17 Juni imepokelewa na kufanyiwa kazi.

Udahili wa mwanao umefutwa. Aidha, kwa kuwa umekiri kutia saini fomu za udhamini bila kuyasoma wala kuyajua maelezo yake, udhamini wako hauwezi kukubaliwa kwa mwombaji yeyote, akiwemo binti uliyemtaja. Fomu yake imefutwa pia.

Nafasi itabaki wazi hadi tarehe 31 Julai. Mwombaji huyo anaweza kuwasilisha udhamini mpya kutoka kwa mtu anayeheshimika katika jamii yake. Suala la vijana wengine watano limerejeshwa kwenye kitengo husika kwa hatua zaidi. Bango litaendelea kutumika hadi mwisho wa mwaka.

Mkuu wa Chuo


Nyumbani, 8 Julai

Kalamu, mwanangu,

Nimefika kwenu mara tatu. Mara zote mama yako ameniambia hupo, na mara zote nimekusikia ukikohoa ndani. Kwa hiyo naandika, na barua hii naipitisha chini ya mlango.

Nafasi yako alipewa mwanangu, kwa saini yangu. Ambatanisho la kwanza ni barua ya Chiriku, utaona ilivyokuwa. Nilisaini fomu mbili tupu kwa sababu nilimwamini aliyenituma, na ukinibana sana nitakiri kwamba huenda sikutaka kujua ya pili ni ya nini. Nimesema kweli kwa Mkuu wa Chuo, na ukweli wangu umemtoa mwanangu na kuifuta fomu yako papo hapo. Barua yake ni ambatanisho la pili. Jina langu lililokuwa msaada kwako sasa ni doa.

Nimekuwekea fomu mpya waliyoituma chuo, maelezo yako wameshayachapa. Inahitaji mtu anayeheshimika. Mimi siwezi hata kukutafutia, maana kila mlango nitakaobisha nitauchafua. Siku zilizobaki ni chache. Nakuomba uende, na nakuomba unisamehe, ingawa najua hayo ni maombi mawili tofauti.

Mwalimu wako


Chuoni, 6 Agosti

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea mama, na zile mbili pia. Aliniambia nirudie palipoandikwa kuhusu kola. Kisha akaenda zake kazini. Ameungana na mjane mmoja, wamepata sehemu nyingine, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Nilikwenda kwanza kwa mwalimu mkuu wa shule yako. Alisema hataki jina lake liingie kwenye mambo hayo. Bwana elimu alisema niiache fomu mapokezi, na karani wa mapokezi akaanza kuifanya kifuniko cha chai yake, nikaichukua. Mchungaji alikuwa tayari kusaini papo hapo, akaniuliza, "Wapi, hapa chini?" Nikamshukuru nikaondoka. Sikuweza, Mwalimu. Mkono wake ulipoikaribia ile karatasi niliivuta nikaikunja.

Mwishowe nilikwenda kwa Msimamizi wa machimbo. Unamfahamu, yule mzee mwenye sauti nene, ambaye hajui kusoma hata jina lake. Alinikalisha juu ya jiwe akasema nimsomee. Nikasoma. Akasema nirudie pale penye "nathibitisha". Akataka nimweleze maana yake kwake yeye: nikienda huko nikaharibu, ndiye atakayeitwa? Nikasema ndiyo. Akaita wanawake wawili waje wasikilize, nikasoma upya mbele yao. Akawauliza kama yote ni kweli. Mmoja akasema nina miaka ishirini na mmoja, si ishirini kama fomu ilivyochapwa, tukarekebisha. Kulikuwa na mistari mitatu mitupu chini, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya matumizi ya ofisi. Akasema, "Ipige mstari, asije mtu akaniandikia jambo juu ya dole langu." Nikaipiga mstari. Tulianza saa mbili asubuhi, na alipotia dole gumba ilikuwa saa sita, watoto wamekuja kuuliza kama leo hakuna hesabu.

Fomu niliipeleka kwa mkono wangu. Walinung'unika kwa ile mistari iliyopigwa, lakini wakaipokea. Nimeanza masomo Jumatatu. Wale watano wenzangu hawajaitwa. Dada Chiriku alikuja kunisalimia. Hakufukuzwa, amehamishwa kitengo, sasa anashughulika na afya ya mazingira. Alilia sana, nami nikampa chai tu kwa sababu sikupata la kumwambia ambalo lingekuwa la kweli na la upole pia. Bango langu bado lipo getini. Wanachuo wenzangu wanalipita na mimi pamoja nao, hawajanitambua kwa sababu ya lile vumbi.

Umeomba nikusamehe. Bado sijui. Nimesikia kinyaa, na nimeona nikwambie mwenyewe kuliko ukisikie kwa watu. Ni wewe uliyenifundisha kusoma, na yeyote atakayeuliza nitamwambia hivyo. Lakini siku nitakapowekewa karatasi mbele yangu nitie saini kwa ajili ya mtoto wa mtu, nitakayemkumbuka ni Msimamizi, sio wewe.

Kalamu